Namna ya Kuandaa Matangazo ya Mtaa: Mwongozo kwa Wanaowaandikia Majirani Zao Dar es Salaam

Karibu kila mtaa wa Dar es Salaam una mtu ambaye, pasipo kuajiriwa wala kulipwa, ameachiwa kazi ya kuwafahamisha wenzake yanayoendelea: mjumbe wa kamati ya mtaa mwenye mwandiko unaosomeka, mwalimu mstaafu, dada wa steshenari ya kuchapa barua jirani na ofisi ya mtendaji, au kijana aliyefungua kundi la WhatsApp la mtaa na sasa anaulizwa asubuhi na jioni iwapo maji yatatoka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Unaeleza namna ya kukusanya taarifa za serikali ya mtaa na za mashirika ya huduma, kuzihakiki, kuziandika na kuzifikisha kwa watu zikiwa bado zina faida.

Tangazo la mtaa lina kazi moja, nayo ni kumwezesha jirani aamue la kufanya: aende mkutanoni au abaki dukani, alipe leo au asubiri risiti, ajaze ndoo usiku huu au alale. Kisichomsaidia kuamua kiondolewe hata kama kimeandikwa kwa Kiswahili kizuri, na anachokihitaji ili aamue kiwepo, pamoja na jina la ofisi iliyotoa taarifa hiyo, ili mwenye shaka ajue pa kuuliza. Maelekezo mengine yote yaliyomo humu yanatokana na hilo.

Jua kwanza jambo ni la ofisi gani

Makosa mengi ya matangazo huanzia hapa. Mtu anaona shimo barabarani, anaandika kwamba "manispaa imetangaza kufunga barabara", kumbe aliyetangaza ni wakala mwingine kabisa, na anayepiga simu manispaa anajibiwa kwamba hawana habari hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, jenga picha ya ngazi na mamlaka zinazohusika na mtaa wako.

Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano. Nne ni manispaa: Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Ya tano ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo hadi Februari 2021 ilikuwa Manispaa ya Ilala. Wakati huo Halmashauri ya Jiji ya zamani, iliyosimama juu ya manispaa zote, ilivunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Jambo hili bado linawachanganya watu, kwa sababu tangazo likisema "Jiji la Dar es Salaam linawataarifu wafanyabiashara", mkazi wa Mbagala hudhani anahusika, ilhali yeye yumo Temeke na tangazo ni la wenzake wa Kariakoo, Buguruni, Vingunguti, Segerea na kata nyingine za wilaya ya Ilala. Unapopokea tangazo la namna hiyo, andika wazi katika mstari wako wa kwanza kama mtaa wako umo au haumo.

Chini ya halmashauri ipo kata, na chini ya kata upo mtaa, ambao ndio ngazi ya mwisho ya serikali za mitaa mijini. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake huchaguliwa na wakazi. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Afisa mtendaji wa mtaa, kwa upande wake, ni mwajiriwa wa halmashauri, ndiye katibu wa vikao, na ndiye mwenye faili la mihtasari. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mwandishi wa matangazo: maneno ya mwenyekiti yanaweza kuwa ahadi au maoni ya kiongozi aliyechaguliwa, wakati kumbukumbu ya kile kilichoamuliwa kikaoni iko mezani kwa mtendaji. Ukitaka kuandika kwamba jambo "limeamuliwa", liwe umelisoma kwenye muhtasari.

Yupo pia mjumbe wa shina, ambaye wengi bado tunamwita balozi au mjumbe wa nyumba kumi. Huyu ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Anaheshimiwa, anajua nani kahamia na nani kafiwa, na kwa kuwafikia watu hana mfano; lakini tangazo la serikali halitoki kwake, hata kama ndiye aliyelileta mlangoni.

Halafu kuna mashirika ambayo hayako chini ya mtaa wala halmashauri. Maji na majitaka ni kazi ya DAWASA. Umeme ni TANESCO. Barabara kuu kama Morogoro, Bagamoyo, Nyerere, Mandela na Kilwa ziko kwa TANROADS, na barabara za ndani ya mitaa ziko kwa TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Hali ya hewa hutangazwa na TMA. Vitambulisho vya taifa ni NIDA na vyeti vya kuzaliwa ni RITA, ingawa ofisi ya mtaa huingia kati kwa kutoa barua ya utambulisho wa mkazi. Ukikosea kuitaja mamlaka husika, umempotezea mwenzako nauli na nusu siku ya kazi.

Mahali pa kuzipata taarifa

Ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa ungali chanzo cha kwanza, japokuwa mbao nyingi zimejaa karatasi zilizopauka kwa jua, na ile ya juu kabisa inaweza kuwa ya mwaka juzi. Jizoeze kupita hapo siku maalumu ya wiki na kupiga picha ubao mzima, kisha ulinganishe na picha ya wiki iliyopita. Kilichoongezeka ndicho kipya. Baada ya hapo ingia ndani, msalimie mtendaji, uulize kama kuna barua iliyokuja kutoka kata au halmashauri ambayo haijabandikwa. Mara nyingi ipo. Barua za wito wa chanjo, za upuliziaji wa dawa ya mbu, za uandikishaji wa vikundi vya mikopo na za operesheni ya usafi hufika mezani mapema, zikasubiri mtu wa kuzitolea nakala.

Mkutano mkuu wa mtaa, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria, ni chanzo kikubwa zaidi, mradi uende na daftari. Usijaribu kuandika hotuba. Andika maazimio, majina ya waliopewa kazi ya kuyatekeleza kwa nyadhifa zao, tarehe za mwisho, na takwimu za taarifa ya mapato na matumizi kama zilivyosomwa; ukiona takwimu zimesomwa harakaharaka, ngoja mkutano uishe uombe kuonyeshwa karatasi. Kuna tabia ya kuiweka taarifa hiyo mwishoni, jua likishakuwa kali na watu wakianza kubeba viti, na mwandishi anayebaki hadi "mengineyo" hupata habari ambayo nusu ya mtaa haikuisikia.

Vikao vya baraza la madiwani, ambavyo vile vya kawaida huketi kila robo mwaka, viko wazi kwa wananchi, na si lazima ukae kutwa. Muhimu ni kujua ajenda inayogusa kata yako, na njia fupi ni kumuuliza diwani wako kabla ya kikao na baada ya kikao, kwa sababu yeye pia ndiye anayeongoza kamati ya maendeleo ya kata. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, hivyo miezi ya mwanzo wa mwaka wa kalenda, bajeti inapojadiliwa, ndiyo inayostahili macho yako zaidi kuliko Agosti, wakati maamuzi yamekwisha kufungwa.

Ofisi ikikataa kukupa taarifa ya umma, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba kwa maandishi na kuitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Mimi huitaja sheria hiyo mara chache. Barua fupi yenye adabu, inayotaja karatasi unayoihitaji kwa jina lake na tarehe yake, hufungua droo nyingi kabla sheria haijaguswa.

Kuhakiki ujumbe unaozunguka

Ujumbe wenye maneno "sambaza kwa makundi yote" uutazame kwa utulivu kabla ya kuugusa. Jambo la kwanza la kuangalia ni mwaka. Matangazo ya zamani hurudi, hasa yale ya mikopo na ya ajira, na aghalabu huwa yalikuwa ya kweli wakati wake. Chukua mfano wa mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 huenda kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu: ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Fomu ya kabla ya hapo, iliyopigwa picha vizuri na kugongwa muhuri halali, bado ni karatasi isiyomsaidia mtu. Anayetaka kujua utaratibu wa sasa aelekezwe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yake.

Jambo la pili ni mahali. Dar es Salaam ina majina yanayofanana kiasi cha kuwapoteza hata wenyeji. "Mbezi" inaweza kuwa Mbezi ya Barabara ya Morogoro, iliyo Ubungo, au Mbezi Beach, iliyo Kinondoni, na katikati yake kuna safari nzima. Tangazo la "katizo la umeme Mbezi" lisilotaja wilaya halifai kusambazwa kabla hujajua ni Mbezi ipi. Kwa maji, kuna njia nyingine ya kupima: tangazo hutaja mtambo ulioathirika, na maeneo ya Barabara ya Morogoro kama Kibamba na Kimara hupata maji ya mtambo wa Ruvu Juu, wakati upande wa Tegeta, Kawe na Mikocheni hutegemea zaidi Ruvu Chini. Ukijua mtaa wenu unapata maji ya mtambo upi, utaelewa tangazo hata pale ambapo jina la mtaa wenu halikutajwa, na utaacha kuwatisha watu bure.

Jambo la tatu ni chanzo. Tafuta ujumbe huohuo kwenye kurasa rasmi za taasisi inayotajwa. Kama haupo, mpigie mtendaji au ofisi ya huduma kwa wateja. Picha ya barua si uthibitisho wa kutosha, kwa kuwa kumbukumbu namba na muhuri vinaweza kuhamishwa kutoka barua moja kwenda nyingine na mtu mwenye simu tu. Soma barua yenyewe: je, cheo cha aliyesaini ndicho kinachotoa barua za namna hiyo? Je, nakala zimepelekwa kwa watu wanaostahili? Je, siku iliyotajwa inalingana na tarehe? Barua bandia nyingi huanguka kwenye kalenda, zikaandika Jumatano mahali penye Alhamisi.

Kama hujapata uthibitisho, usisambaze, wala usisambaze na kuongeza "nimeipokea kama ilivyo". Maneno hayo hayakukingi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalitaja kosa la kuchapisha taarifa za uongo, na kundi la mtaa nalo ni mahali pa kuchapishia. Badala yake andika: "Kuna ujumbe unaozunguka kuhusu kufungwa kwa soko. Ofisi ya mtaa haijapokea barua yoyote hadi leo saa 8 mchana. Tutawajulisha." Sentensi tatu za namna hiyo hutuliza mtaa kuliko mabishano ya siku nzima.

Kuandika lenyewe

Huu ni mfano wa tangazo kama linavyoandikwa mara nyingi:

"Wananchi wote mnatangaziwa kuwa kutakuwa na mkutano muhimu sana siku ya Jumamosi saa 3 kamili. Mahudhurio ni lazima. Wote mnakaribishwa. Ukipata ujumbe huu mjulishe na mwenzako."

Msomaji wa tangazo hili hajui ni Jumamosi ipi, mahali gani, mkutano wa nani, na kwa nini aache genge lake afike. Maneno "muhimu sana" na "lazima" yamechukua nafasi ya ajenda. Tulinganishe na hili:

"MKUTANO MKUU WA MTAA. Wakazi wote wa mtaa wetu wenye umri wa miaka 18 na zaidi wanaalikwa kwenye mkutano mkuu utakaofanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa 3:00 asubuhi, katika uwanja wa shule ya msingi, lango la upande wa sokoni. Ajenda: taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka, pendekezo la kubadili siku za kukusanya taka, ukarabati wa kivuko cha waenda kwa miguu. Wapangaji na wenye nyumba wote wana haki ya kuhudhuria na kupiga kura. Limetolewa na Afisa Mtendaji wa Mtaa, tarehe 2 Juni 2025."

Tangazo hili ni refu kidogo, lakini hakuna neno la kutupa. Tuangalie sehemu zake chache kwa karibu.

Ajenda ndiyo inayoleta watu. Mwenye nyumba anayelalamikia taka kuoza getini atakuja kwa sababu ya ile ajenda ya pili, na mama anayevusha watoto asubuhi atakuja kwa ajili ya kivuko. Ofisi ikikuletea ajenda ya "kufungua mkutano, kusoma muhtasari, yatokanayo, mengineyo, kufunga mkutano", rudi kwa upole ukaulize yatokanayo ni yapi. Si kazi yako kubuni ajenda, ila ni haki ya msomaji kuijua.

Kutaja wapangaji si mapambo. Katika mitaa yetu wapangaji ndio wengi, na wengi wao huamini kwamba mikutano ni ya wenye nyumba. Mstari mmoja huondoa dhana hiyo, na usipoandikwa, watakaofika ni wale wale wa kila siku.

Saa inahitaji uangalifu wa pekee. Andika saa kwa hesabu ya Kiswahili, na daima ifuatiwe na asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri. Simu inaonyesha 09:00, ofisi ya halmashauri inaandika 3:00, na shirika la huduma linaweza kutuma taarifa yenye "9:00 AM". Ukinakili mambo haya matatu bila kuyaoanisha, mtu atafika saa 9 alasiri. Usiku ni mgumu zaidi. Tangazo likisema umeme utakatwa "Jumamosi saa 6 usiku", nusu ya wasomaji watafikiria usiku unaofuata Ijumaa na nusu usiku unaofuata Jumamosi yenyewe. Andika "usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi", na hakuna atakayeuliza. Kwa siku, usitumie "kesho" wala "wiki ijayo", kwa kuwa karatasi hubaki ubaoni na ujumbe hufunguliwa keshokutwa.

Mahali nako paandikwe kwa namna mbili: kwa anwani na kwa alama inayojulikana. Tangu zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, barabara nyingi za mitaa zina majina na nyumba zina namba, na ni vizuri watu wazoee kuzitumia. Hata hivyo, mzee aliyezaliwa hapo anapajua mahali kwa jina la mwembe uliokwisha kukatwa. Mpe vyote viwili.

Hitimisha kwa jina la ofisi, cheo na tarehe ya kutolewa, na kama tangazo umelifupisha wewe, sema kwamba ni muhtasari na nakala kamili iko ubaoni. Epuka herufi kubwa mwanzo hadi mwisho. Zinachosha macho na hazimsaidii asiyeona vizuri. Kichwa kimoja kwa herufi kubwa kinatosha.

Maonyo ya mvua na makatizo ya huduma

Haya ni matangazo yenye umri mfupi, na hapa haraka ni sehemu ya usahihi. TMA hutumia viwango vitatu: angalizo, kwa rangi ya manjano, tahadhari, kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, kwa rangi nyekundu. Usipandishe kiwango ili watu washtuke, wala usikishushe kwa sababu jua linawaka. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, angalizo hutolewa mara kwa mara kwa mikoa ya pwani kwa pamoja, yaani Dar es Salaam, Pwani, Tanga, na visiwa vya Unguja na Pemba. Hilo haliwi na maana kwamba mtaa wako utapata mvua hiyo saa hiyo. Kazi yako ni kuongeza ujuzi wa mahali ambao TMA hawana: mfereji upi hufurika kwanza, kivuko kipi kisitumiwe na watoto, nyumba zipi za bondeni zinapaswa kuamshwa. Wakazi wa pembezoni mwa Mto Msimbazi wanajua kwamba mto unaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, Pugu au Kisarawe, huku Jangwani kukiwa kukavu, na tangazo lililoandikwa vizuri huwakumbusha wageni waliopanga hapo mwaka huu jambo hilo.

Weka namba za dharura chini ya kila onyo: 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto na uokoaji.

Kwa maji na umeme, andika sababu iliyotajwa, maeneo, muda wa kuanza na muda unaotarajiwa kurejea, na neno "unaotarajiwa" lisikosekane. Huduma ikirejea mapema au ikichelewa, tuma mstari mmoja wa kueleza. Kundi ambalo hutangaza kukatika tu na halitangazi kurejea hupuuzwa upesi.

Matangazo ya fedha

Hakuna tangazo linaloleta ugomvi kama la mchango, iwe ni wa ulinzi shirikishi, wa taka au wa kuchonga barabara. Kila tangazo la fedha lieleze nani ameamua na katika kikao cha tarehe gani, kiasi gani kwa kaya au kwa biashara, kwa kazi gani, hadi lini, na mlipaji atapewa risiti ya aina gani. Tenganisha kabisa ada za halmashauri na michango ya hiari ya wakazi. Ada ya halmashauri hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali, na mlipaji hupata stakabadhi ya mfumo huo. Pesa ya ada ya serikali ikielekezwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, usiliandike tangazo hilo hadi upate maelezo ya maandishi kutoka kwa halmashauri. Namba 113 ni ya TAKUKURU, na hakuna ubaya ikabandikwa ubaoni kwa kudumu.

Inafaa pia kuwakumbusha watu kwamba kodi ya majengo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia manunuzi ya umeme wa Luku, kwa hiyo anayepita nyumba kwa nyumba akidai fedha taslimu za kodi hiyo aulizwe barua yake. Mchango wa hiari nao uandikwe kuwa ni wa hiari. Nimeona matangazo yakiandika "kila kaya italazimika" kuhusu mchango ambao hakuna kikao kilichoulazimisha, na mwandishi ndiye aliyebebeshwa lawama, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa chini ya ujumbe.

Majina ya watu

Usitaje jina la mtu pasipo sababu inayomfaa mwenye jina. Orodha za wadaiwa wa ada ya taka, za kaya zinazopokea ruzuku, za wagonjwa wa kipindupindu au za waliokamatwa usiku hazina nafasi kwenye kundi la mtaa, hata zikitoka ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mtu dhidi ya kutangaziwa mambo yake namna hiyo, na hata bila sheria, mtakutana dukani kesho. Picha za vitambulisho vya NIDA vilivyookotwa ni kosa la kawaida sana: andika kwamba kitambulisho chenye jina la kwanza fulani kimeokotwa na kiko kwa mtendaji, bila picha na bila namba.

Mtoto aliyepotea ni suala tofauti, kwa kuwa hapo picha inasaidia. Pata ridhaa ya mzazi au mlezi, hakikisha taarifa imefika polisi, taja nguo alizovaa, mahali na saa alipoonekana mara ya mwisho, na uweke namba ya mzazi pamoja na ya kituo. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto. Akishapatikana, futa picha na uwaombe wengine wafute.

Tangazo la msiba liandikwe baada ya familia kusema, si kabla. Ndugu wa karibu hawapaswi kuusoma kwenye kundi.

Kulifikisha, kulirekebisha, kuliondoa

Kundi la WhatsApp haliwafikii wote. Wapo wasio na simu janja, wapo waliozima data hadi jioni, na wapo waliolinyamazisha kundi kwa sababu ya video za asubuhi. Ndiyo maana ninapendekeza kundi la matangazo pekee, ambalo viongozi wachache tu ndio wanaoandika, na la mazungumzo liwe pembeni. Karatasi ibandikwe ofisini, kwa muuza duka, kijiwe cha bodaboda, kwenye bomba la maji na zahanati. Misikiti na makanisa hukubali kusoma tangazo fupi la jamii, ila wapelekee siku mbili kabla na lisizidi nusu ukurasa. Gari la matangazo linafaa kwa chanjo na kwa usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Liandikie maneno ya sekunde ishirini, siku na mahali vikirudiwa mara mbili, kwani msikilizaji hulipata gari likiwa tayari linapita.

Ukikosea tarehe au mahali, usihariri kimyakimya. Tuma tangazo jipya lenye neno "Marekebisho" mwanzoni, likieleza kilichokuwa kimeandikwa na kilicho sahihi, na karatasi ya zamani iondolewe ukutani siku hiyohiyo, kwa sababu mtu aliyeipiga picha jana ataendelea kuiamini. Matangazo yaliyopita muda yatolewe kila mwisho wa wiki, nakala moja ihifadhiwe kwenye faili lenye tarehe. Faili hilo mpe mtendaji alitunze: watendaji huhamishwa, wenyeviti hubadilika kila uchaguzi, na anayekuja huhitaji kujua mtaa uliahidiwa nini kuhusu ule mfereji, na ni kikao cha tarehe gani.